Mraba Mweupe wa Baba Dogo

Siku ya kuniaga ofisini, vijana wa idara waliniomba niwaachie maandishi. Mwende, ambaye sasa amekalia kiti changu na nasikia tayari amekihamishia dirishani, alisema mbele ya watu wote: "Prof, ukienda na hiyo kichwa yako yote, sisi huku tutabaki kubahatisha tu." Nimekaa nyumbani Buruburu wiki tatu sasa. Nimepogoa ua wa michongoma mara mbili, na jana mume wangu aliniomba niuache upumue. Basi naandika.

Ya vyeo sitayagusa. Vingi nilivipata kwa sababu aliyevistahili alihamia ng'ambo. Majina ya wagonjwa na jamaa zao nimeyabadilisha, lakini desturi yao ya kupeana majina nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kosa nililofanya. Kosa lenyewe nitalifikia. Kwanza niwaambie tulivyoanza, maana nyinyi mlikuta kompyuta inajua kila kitu.

Kazi yetu, kwa atakayesoma hapa na si wa idara, ni kutafuta kwa nini magonjwa mazito ya akili huonekana zaidi katika koo fulani kuliko nyingine, na ni sehemu zipi za urithi wetu, yaani jeni, zinazohusika. Upande wangu ni hesabu. Sijawahi kumdunga mtu sindano wala kumwandikia dawa. Majirani hawajawahi kuliamini hilo. Wakishasikia "Daktari Nasimiyu" wanabisha mlango: homa, minyoo ya watoto, na wakati mmoja mbuzi aliyevimba tumbo. Mbuzi alipona, sijui kwa nini, na tangu hapo nimekosa la kujitetea.

Siku ya kwanza nilifika na digrii yangu ya takwimu na viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki, karibu na Barabara ya Jogoo, na ndani yake aliketi Sista Agneta, muuguzi aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa akili tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

"Hivyo ni vya harusi ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ndivyo nilivyokuwa navyo.

"Basi kesho kuja na raba. Leo utakaa hapa ujifunze kuchora."

Nilidhani atanitolea mashine. Alivuta mtoto wa meza akatoa penseli, kifuniko cha soda, na kipande cha kadi alichokikata kutoka kwenye paketi ya kiberiti kikawa mraba sawasawa. Mwanamke ni duara, unazungusha penseli kwenye kifuniko. Mwanamume ni mraba, unafuata kadi. Aliyeugua unampaka penseli ndani hadi awe mweusi, mzima unamwacha mweupe. Mistari inaunganisha mume na mke, mingine inashuka kwa watoto. Hiyo ndiyo picha ya ukoo, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mashine yetu kubwa.

Kuchora hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuuliza.

"Usimuulize mama ana watoto wangapi," Sista aliniambia. "Watoto si mbuzi. Kuna ambao kwao ni mwiko kuwahesabu. Kuna watakaoruka waliokufa. Na karibu wote wataruka yule mgonjwa. Muulize ni nani alifungua tumbo, halafu nani alimfuata, halafu nani akamfuata huyo. Akinyamaza kidogo hapo katikati, ujue hapo kuna mtu."

Nililijaribu wiki hiyo hiyo kwa mama mmoja wa Maringo. Alitaja watoto wanne, akanyamaza baada ya wa pili, akaendelea. Nilimuuliza taratibu ni nani aliyekuwa hapo. Akalia, kisha akanionyesha mlango wa chumba cha nyuma. Somo la pili la Sista lilikuwa fupi zaidi: ukisikia jina moja mara mbili, usiandike kitu mpaka uulize huyo ni wa nani na jana alilala wapi.

Damu ilikuwa shida nyingine. Siku hizo mtaani kulikuwa na uvumi wa waabudu shetani, na mtu mwenye sindano na kijisanduku cha barafu alifanana nao sana. Kule mtaa wa Baba Dogo mama mmoja alitufukuza na mwiko wa ugali hadi kwenye kona, na Sista, pamoja na magoti yake mabovu, alinipita mbio. Jumapili iliyofuata alienda kwenye kanisa la yule mama, akaketi naye benchi moja, akaimba nyimbo zote bila kitabu. Jumatatu tulipewa damu ya watu wanne wa nyumba ile.

Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa na maandishi ya kijani. Hesabu ya ukoo mmoja niliianzisha Ijumaa ili niikute Jumatatu, na stima ikipotea Jumapili naanza upya. Mlinzi wetu, Mzee Ouma, alikuwa na amri ya kutogusa swichi yoyote. "Madam," aliniambia kila Jumatatu asubuhi, "hiyo mashine yako imeshinda ikihema tu." Nakumbuka siku zile na kuzitamani. Ulikuwa unangoja jibu siku tatu, kwa hiyo ulikuwa na siku tatu za kufikiri kama swali lako lilikuwa na maana.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulifika kwa Mama Njoroge, Makadara. Alikuwa mwanamke wa kwetu magharibi, jina lake Nafula, aliyeolewa na Kamau, karani wa reli aliyetoka Murang'a. Kamau alikuwa ameshafariki. Watoto walikuwa wawili: Njoroge, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa akisikia sauti tangu alipomaliza shule, na Wanjiru, aliyekuwa chuo cha ualimu. Nyumba ilinukia sabuni na omena wa kukaanga. Njoroge aliketi kwenye kona akifungua redio mbovu. Zilizo nzima hakuwa na haja nazo.

Mama alituandalia chai, akasubiri Sista aende kuzungumza na Njoroge, kisha akanisogelea.

"Daktari, wewe ni wa kwetu, nitakuambia bila kuzunguka. Kwa mume wangu wanasema ni mimi niliwaletea hii kitu. Ndugu yangu Wekesa pia aliugua, akafa nayo, na wanajua. Siku ya kumzika Kamau, shemeji yangu Mwangi alisimama mbele ya watu akasema kwao hakujawahi kuwa na damu ya namna hii. Nimekubali mtutoe damu kwa sababu moja tu. Nataka kujua kama imetoka kwangu."

Hilo ndilo alilotaka kwetu, na hakuficha. Fomu haikuwa na mahali pa swali la mtu, kwa hiyo niliandika pembeni.

Ili picha ikamilike ilibidi twende kwa ndugu za Kamau. Hapa ndipo desturi inapoingia. Kwa watu wa kina Kamau, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba. Babu huyo, Mzee Njoroge, alikuwa na wana watatu: Kamau wa Makadara, Mwangi wa Baba Dogo na Karanja wa Lucky Summer. Kwa hiyo kila nyumba kati ya hizo tatu ilikuwa na Njoroge wake. Hili halikuwa geni kwangu. Nililelewa Kaloleni, hapa hapa jijini, kwenye mstari wa nyumba uliokuwa na akina Njoroge watatu, na tuliwaita Njoro Mrefu, Njoro Meno na Njoro wa Kuku. Sina kisingizio.

Sista alikuwa amelazwa kwa ajili ya magoti, nikaenda peke yangu. Kule Baba Dogo, Mzee Mwangi alinipokea vizuri, akanitajia watoto wake mmoja baada ya mwingine. Njoroge wake, alisema, alikuwa Nakuru, kazi nzuri. Nikachora mraba, nikauacha mweupe. Kisha akainamisha kichwa.

"Hapa kwangu wote wazima," akasema. "Lakini andika kwamba kuna Njoroge, mtoto wa ndugu yangu. Huyo ndiye anatusumbua akili."

Siku ya pili nikaenda Lucky Summer kwa Karanja. Njoroge wake alikuwa Thika, akifanya biashara. Mraba mwingine mweupe. Naye akashusha sauti.

"Kuna huyu Njoroge wa ndugu yangu," akasema. "Huyo tunamwombea tu."

Nilifurahi mno. Watu wawili wamesema neno moja bila kuambiana, na katika takwimu hilo ni tamu. Nikaandika kwamba ugonjwa wa Njoroge wa Makadara umethibitishwa na jamaa wawili. Sikuuliza ni wa ndugu yupi. Sikuuliza jana alilala wapi. Nilikuwa na haraka, raba zilikuwa zinanibana, na jibu lilikuwa linafanana na lile nililokuwa nalo tayari mfukoni.

Picha ilitoka safi. Upande wa mama, Wekesa mweusi. Chini, Njoroge wa Makadara mweusi. Upande wote wa Kamau ulikuwa mweupe, tangu babu hadi wajukuu. Niliichora upya kwa wino, nikaiviringisha, na nilipokwenda Makadara kuchukua damu nikawa nayo mkobani.

Sheria ilikuwa wazi: mtu haonyeshwi picha ya ukoo wake, wala hapewi majibu yake binafsi. Mama Njoroge aliniuliza kama kazi ya kule kwa shemeji zake imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Akauliza kama anaweza kuona. Ningeweza kukataa, na angeelewa. Nilitandaza karatasi mezani kwa sababu niliipenda na nilitaka mtu aione.

Aliitazama kwa muda mrefu, kidole kikitembea juu ya mistari.

"Hawa weusi ndio wagonjwa?"

"Ndio."

"Na hawa wa kwa mume wangu, wote weupe."

"Ndio."

"Kwa hivyo ni kwangu."

Kulikuwa na majibu ya kweli niliyopaswa kumpa. Kwamba karatasi ile ilikuwa ni maneno ya watu tu, na watu huficha. Kwamba hata kama maneno yote ni kweli, ugonjwa huu haurithiwi kutoka kwa mtu mmoja kama pua. Kwamba hata ukirithiwa, si dhambi ya mtu. Yote hayo niliyajua. Nilichosema ni hiki: "Kwa karatasi hii, Mama Njoroge, ndivyo inavyoonekana."

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Aliweka sinia mezani, akaitazama ile karatasi kwa makini, mtu mmoja hadi mwingine, kisha akarudi jikoni.

Miaka minne baadaye nilirudi kwa ufuatiliaji wa kawaida. Mama alikuwa amekonda, lakini alinichangamkia. Njoroge alikuwa anaendelea vizuri na dawa. Nilipouliza habari za Wanjiru, alinijazia kikombe kwanza.

"Amemrudisha kijana wa watu," akasema. "Mwalimu mwenzake wa Jericho, mpole kabisa, na wazee walikuwa wameshakuja. Amesema yeye hatazaa. Hawezi kuleta mtoto duniani aje ateseke kama ndugu yake. Na mimi nikamwambia amefanya vizuri."

Nilijua neno hilo limetoka wapi. Nikamaliza chai, nikajaza fomu, nikaaga. Kuhusu karatasi sikusema kitu. Nilijiambia kwamba si kazi yangu, na kwamba ninawahi ofisini.

Kazi yenyewe ikabadilika. Damu tukaiacha, tukaanza kuchukua mate kwenye kichupa. Ikawa rahisi kwa mishipa na ngumu kwa heshima: jaribu kumwambia mzee wa kanisa ateme mate mbele yako mpaka kichupa kifike alama. Wengine walikauka midomo kwa aibu. Tukagundua kwamba ukikata ndimu mbele ya mtu, mate yanakuja yenyewe, na gari letu likanuka ndimu kwa miaka mingi. Sista Agneta alistaafu, akarudi kwao Bungoma. Alipofariki nilienda kumzika nikiwa nimevaa raba, na dada yake akaniangalia vibaya.

Tukaacha pia kuhesabu ukoo mmoja mmoja. Tukakusanya maelfu ya watu, wagonjwa na wazima, tukawalinganisha. Tulichojifunza, sisi na wenzetu wa kwingine, kinaweza kuelezwa kwa sufuria ya mchuzi: hakuna kiungo kimoja kinacholeta ladha. Ni vitu vidogo vidogo vingi sana, vingine kutoka kwa mama, vingine kutoka kwa baba, kila mmoja wetu amebeba baadhi yake, na juu ya hivyo kuna maisha yenyewe yanayompata mtu. Ukitafuta wa kulaumiwa utazunguka dunia nzima urudi nyumbani bila mtu.

Miaka mitatu kabla sijastaafu, Mwende aliandika programu ya kukagua sampuli zetu zote, mpya na za zamani, ili kuona kama kuna watu waliohusiana bila sisi kujua. Asubuhi moja akaniita.

"Prof, kuja uone. Kuna watatu hapa wanashikana."

"Ni makosa ya maabara," nikamwambia, hata kabla sijavaa miwani. "Mtu mmoja ametoa sampuli mara tatu."

"Zii. Angekuwa mtu mmoja angefanana na yeye mwenyewe kabisa. Hawa kila mmoja na mwenzake wanashare moja kwa nane. Na ile jeni ya baba kwenda kwa mtoto wa kiume ni moja kwa wote watatu. Hao ni macuzo, Prof. Watoto wa ndugu wa kiume."

Sampuli huwa na namba tu, si majina. Orodha ya majina ilikuwa kwenye kabati langu, na ruhusa ya kuifungua kwa ukaguzi nilikuwa nayo. Namba ya kwanza ilikuwa ya damu ya zamani: Njoroge, Makadara. Ya pili, Njoroge, Baba Dogo. Ya tatu, Njoroge, Lucky Summer. Hawa wawili wa mwisho walikuwa wamejiandikisha wenyewe kliniki, watu wazima, kila mmoja na sahihi yake. Mafaili yao ya matibabu yalianza miaka kadhaa kabla ya siku niliyokaribishwa kwa baba zao.

Nilitoa ile picha ya wino kwenye bomba lake la kadi, nikaitandaza. Mwangi aliposema Njoroge wa ndugu yangu, alimaanisha wa Karanja. Karanja aliposema hivyo hivyo, alimaanisha wa Mwangi. Kila mmoja alimficha wake akamtaja wa mwenzake, na mimi nikawarundika wote juu ya mtoto wa mjane. Nilimwomba Mwende anipishe kidogo. Akatoka bila kuuliza, akafunga mlango, na mimi nikalia kwa aibu na hasira ambazo sikujua nilikuwa nazo.

Sikuweza kukimbia Makadara moja kwa moja. Ukweli ambao ungemwondolea Mama Njoroge mzigo ulikuwa siri ya watu wengine wawili. Niliandika kwa kamati ya maadili, nikaeleza kosa langu lote, pamoja na kuonyesha karatasi. Walichukua miezi saba. Walisema naruhusiwa kuwatembelea wale watu wawili, kwa kuwa walikuwa wametia sahihi kwamba wanaweza kutembelewa tena, na kuwauliza wao wenyewe. Bila kibali chao, kwa Mama nisiseme ila kwamba picha ilikuwa na makosa.

Wa Lucky Summer alinijibu kwa simu maneno mawili: "Mwambieni tu." Wa Baba Dogo nilimkuta kwenye karakana yake, akichomea geti. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono mikubwa, miwani ya giza juu ya paji la uso. Nilimweleza polepole. Alisikiliza hadi nilipofika kwenye habari za Makadara.

"Ngoja. Nani amelaumiwa?"

"Anti yako. Mama Njoroge."

"Amelaumiwa na nani?"

"Na watu wa kwenu," nikasema. "Na mimi."

Aliweka chini ile mashine ya kuchomea.

"Anti Nafula? Si ndiye alikuwa ananifumia sweta za shule?" Akatikisa kichwa. "Daktari, mimi sijawahi kujificha. Dawa yangu naimeza hapa hapa mbele ya wateja. Ni mzee ndiye alinificha, na mzee ameshaenda, Mungu amrehemu. Ngoja nivae shati twende."

"Leo?"

"Kwani wewe umengoja miaka mingapi?"

Mama Njoroge alikuwa bado kwenye nyumba ile ile, macho yamepungua nguvu, lakini alinitambua kwa sauti. Njoroge wa Baba Dogo hakungoja kukaribishwa kiti. Alichuchumaa mbele yake akamshika mkono.

"Anti, ni mimi Njoroge wa Mwangi. Mimi pia niko nayo. Na Njoroge wa Lucky Summer pia, amesema uambiwe. Haikutoka kwako. Kwetu imejaa."

Mama akauliza: "Tangu lini?"

"Tangu nikiwa form three."

Nilimwona akihesabu. "Basi Mwangi alisimama pale kwenye kaburi la ndugu yake akijua."

"Alijua, anti. Nilikuwa nimefungiwa nyumbani siku hiyo."

Alimshika kichwa yule mwanamume mzima, akalia naye. Baadaye alifuta uso kwa leso akaita kuelekea chumbani: "Njoroge! Kuja usalimie ndugu yako." Njoroge wake akatoka, mvi kidevuni, redio mkononi. Wakaangaliana.

"Unajua kutengeneza redio?" akamuuliza binamu yake.

"Mimi najua kuchomea tu."

"Hata hii inataka kuchomewa. Keti."

Wakaketi kwenye kona na ile redio. Mimi nikamwambia Mama sehemu yangu: kwamba nilikosea kazi, kwamba nilivunja sheria kumwonyesha karatasi, na yale majibu ya kweli niliyoyameza siku ile. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ungeniambia siku ile," akasema.

"Ndio."

"Mimi ni mzee, na leo nitalala vizuri. Nimekusamehe. Lakini siku ile si mimi tu niliyekuwa hapa."

Akachukua simu yake, akaisogeza karibu kabisa na uso, akabonyeza, akanipa ikiwa tayari inalia. Wanjiru sasa alikuwa mwalimu mkuu huko Kitale, miaka arobaini na saba, na hakuwahi kuolewa.

"Mwambie wewe," Mama akasema. "Mimi ndiye nilimwambia amefanya vizuri. Siwezi."

Nilimweleza Wanjiru kwa mpangilio ninaowafundisha nyinyi: kosa, sababu ya kosa, na lililo kweli. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilisikia watoto wa shule wakicheza upande wake wa simu, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Siku ile ulipotuonyesha karatasi ulikuwa na mimba," akasema. "Si ndio? Nakumbuka kwa sababu ulikuwa umevimba miguu, Mama akaniambia nikuletee kigoda."

"Ndio. Mimba ya mtoto wangu wa tatu."

"Na kwenu hakuna mgonjwa?"

Katika kazi yangu yote niliuliza watu swali hilo kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nilinyamaza kidogo.

"Yupo," nikamwambia. "Mjomba wangu. Alikaa nasi Kaloleni hadi akafa. Ugonjwa ule ule."

"Na hukuogopa kuzaa?"

"Sikuogopa. Nilijua hesabu. Watoto wengi sana wa nyumba kama zetu hawaugui kabisa."

Sauti yake haikuwa na hasira, na ningetamani ingekuwa nayo.

"Kwa hivyo hayo uliyajua ukiwa umeketi pale kwetu, miguu yako iko kwa kigoda changu."

"Niliyajua, Wanjiru," nikasema.